Pumzi ya Mheshimiwa

Kabla chai ya asubuhi haijapoa kwenye vikombe vya watu, Jaji alikuwa ameshamtoa ulingoni mbwa wa kwanza wa mashindano.

Alikuwa mbwa wa ulinzi, mkubwa, masikio wima, manyoya yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Lakini alipozungushwa kwenye zulia la kijani, mguu wake mmoja wa nyuma ulikuwa ukigusa chini na kuinuka haraka, kama wa mtu anayekanyaga bati la moto. Mwenye mbwa, mwanamume wa kofia, akasema ameteleza tu wakati wa kushuka kwenye gari.

"Mzungushe tena," Jaji akasema. "Taratibu."

Akazungushwa tena. Mguu ukafanya vilevile.

"Anachechemea, baba. Siwezi kumpima."

"Lakini jana alikuwa anakimbia kama swala!"

"Jana sikuwepo. Mimi napima ninachokiona leo."

Akampa mkono, akamtakia mbwa nafuu, na yule mwanamume akatoka akinung'unika kwamba mama huyu ana roho ya chuma. Jaji alisikia. Maneno hayo alikuwa ameyazoea. Katika chama kizima cha wafugaji wa mbwa hapakuwa na jaji aliyeogopwa kama yeye, na watu waliomwogopa ndio hao hao waliotaka awapimie mbwa wao, kwa sababu riboni iliyotoka mkononi mwake hakuna aliyeitilia shaka.

Sheria za kumtoa mbwa alizijua kama anavyovijua vidole vyake. Anayechechemea hapimwi. Anayetaka kuuma hapimwi, na mwenyewe huombwa aondoke naye. Aliyepakwa rangi, aliyeshonwa, aliyebadilishwa umbo lake kwa kisu, huyo ni udanganyifu, nje. Anayehangaika kupumua hupelekwa kwa daktari wa mifugo aliyepo siku hiyo, na daktari akisema hapana, basi ni hapana kwa majaji wote. Na ipo nyingine: jaji hana ruhusa ya kumpima mbwa wa ndugu yake, wala wa mtu anayekaa naye nyumba moja. Hii ya mwisho Jaji hakuwa ameifikiria sana. Wifi yake alikuwa na mbwa, ndiyo, lakini mbwa wa wifi yake alikuwa wa pua bapa, na Jaji hakuwahi kupewa ulingo wa pua bapa.

Huyo wifi alikuwa mdogo wa marehemu mumewe. Alikuja na kibegi kimoja kusaidia kumuuguza kaka yake, na kaka alipofariki hakuondoka, wala hakuna aliyemuuliza ataondoka lini. Jaji hakujaliwa mtoto. Wifi aliolewa akaachika mapema, na wazazi walishatangulia. Nyumba ikabaki na wanawake wawili, kila mmoja na upande wake wa sofa, na katikati yao akalala mbwa.

Mbwa aliitwa Mheshimiwa. Jina alipewa kwa sababu ya kitambi, mashavu yaliyoning'inia, na tabia yake ya kusinzia kila watu wanapozungumza jambo la maana. Wifi alimchukua akiwa mdogo kama kiatu, wiki chache baada ya mazishi, na tangu hapo hakulala peke yake. Alimfuta mikunjo ya uso kwa pamba. Alimpikia. Alimpeleka kwenye mashindano, na ajabu, Mheshimiwa akashinda, akashinda tena, watu wakamletea majike wao awapandie, mpaka akabakiza ushindi mmoja tu apewe cheo cha bingwa.

Lakini kadiri alivyonenepa na kukomaa, ndivyo alivyopumua vibaya. Usiku sauti yake ilipita ukutani kama mtu anayeburuta meza. Wakati mwingine sauti ilikatika, kimya, halafu ikarudi kwa kishindo, naye akaonekana amekaa kitako, shingo juu, macho yamemtoka, anaitafuta hewa.

Wiki ile ya mashindano, wakiwa jikoni, Jaji alilitoa la moyoni.

"Wifi, umemsikia huyu alivyolala?"

"Anakoroma tu. Kaka naye si alikuwa anakoroma? Mbona hukumpeleka kwa daktari?"

Wakacheka wote wawili, kwa kuwa ilikuwa kweli. Jaji ndiye aliyeacha kucheka kwanza.

"Daktari anaweza kumpanua yale matundu ya pua, na kupunguza ile nyama ya kooni. Ni kazi ya asubuhi moja. Atapumua kama mbwa wengine."

Wifi akazima jiko. "Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo atapona."

"Siulizi hilo, na wewe unajua ninachouliza. Akishapasuliwa, mtamruhusu ulingoni?"

Jaji akashika kitambaa, akafuta meza iliyokuwa safi. "Hapana. Aliyebadilishwa kwa kisu hapimwi."

"Sasa hiyo sheria niliitunga mimi?"

Jaji akakikunja kitambaa. Sheria hiyo iliwekwa ili watu wasifiche kasoro za mbwa wao kisha wakawazalisha, na yeye mwenyewe aliwahi kuitetea mbele ya watu. Wifi akamwekea Mheshimiwa chakula, akamkuna kichwani, akasema bila kugeuka:

"Akishapata ubingwa, nitampeleka. Nakuahidi. Huu mmoja tu, wifi yangu, halafu apumzike."

Jaji akaipokea ahadi hiyo. Alijua kwamba wifi yake si muongo.

Basi siku ya siku ikafika. Ukumbi ulikuwa ule wa michezo, wenye paa la bati, na jua lilipopanda, joto likashuka juu ya watu kama blanketi lililoloa. Feni zilizoning'inia zilizunguka kwa uvivu. Huku mashine za kukaushia manyoya zinanguruma, huku mbwa wanabweka, na kila mahali harufu ya sabuni. Jaji alikuwa amemaliza mbwa wa ulinzi na anavua viatu kidogo chini ya meza aliposikia katibu wa chama anamwita.

"Mama, samahani. Jaji wa pua bapa ameshikwa na tumbo, tumemrudisha nyumbani. Chukua ulingo wake, ule wa ukutani. Watu wameshajipanga."

Akavaa viatu, akaenda. Kichwa chake kilikuwa bado kwenye mbwa wa ulinzi. Alipoinama kupita chini ya kamba na kuinua macho, wa tatu kwenye mstari alikuwa wifi yake, amevaa gauni lake la bluu la mashindano, na miguuni pake Mheshimiwa.

Wifi alitabasamu kwanza, kama mtu anavyomtabasamia wa kwao. Halafu akaelewa, na tabasamu likamfia mdomoni.

Jaji hakuwa akimtazama wifi. Alikuwa akimtazama mbwa. Mheshimiwa alisimama miguu ya mbele imetanuka, viwiko nje, shingo mbele. Ulimi ulikuwa mpana na mzito, na rangi yake haikuwa rangi ya ulimi, ilikuwa ya zambarau iliyovia. Povu lilimjaa pembeni mwa mdomo. Kila pumzi ilimtikisa mpaka mkiani.

Jaji akainua mkono kumwita msaidizi wa daktari. Katibu akamwahi, akamshika kiwiko.

"Huyo si mbwa wa wifi yako?"

"Ndiye. Nataka apelekwe kwa daktari sasa hivi."

"Huwezi, mama."

"Sitampima. Nampeleka kwa daktari tu."

"Kumpeleka kwa daktari ni uamuzi," katibu akasema kwa sauti ya chini. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa anatoka jasho kama wengine. "Kwa mbwa wa nyumbani kwako huna uamuzi wowote, wa kumpa wala wa kumnyima. Umesahau yule jaji aliyemtoa mbwa wa mtalaka wake kwa kinyongo? Baada ya pale tukasema ndugu asiguse kabisa. Ulikuwepo kwenye kikao. Ulinyosha mkono."

"Nilinyosha."

"Basi jitoe. Nitamwita Tai."

Tai alikuwa jaji mwenzake, aliyeitwa hivyo kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila tai shingoni, hata juani. Jaji hakumsubiri afike. Alitoka nje ya kamba, akaenda moja kwa moja kwenye meza ya daktari wa mifugo, aliyekuwa amejigeuzia feni ndogo usoni.

"Daktari, njoo umwone mbwa kule ukutani. Hapumui."

"Nani kamtuma? Jaji wa ulingo?"

"Jaji wa ulingo nilikuwa mimi."

"Na sasa?"

Jaji akanyosha kidole kule ukutani. Daktari akakuna shingo. "Mama, mimi namwona anayeletwa na jaji, au na mwenye mbwa. Nikianza kufuata watu kwenye mistari, hawataniita tena hapa."

"Njoo basi umtazame kwa mbali. Kwa macho tu."

Akaja, mikono mfukoni. Wakasimama nje ya kamba. Daktari akamtazama Mheshimiwa kwa muda, kisha akamtazama aliye mbele yake, kisha wa nyuma yake.

"Anahema, kweli," akasema. "Lakini si wote wanahema? Hebu angalia."

Jaji akaangalia. Mstari mzima ulikuwa unahema. Ndimi zote zilikuwa nje, mbavu zote zinapanda na kushuka, na sauti ya mbwa wote pamoja ilikuwa kama ya watu wengi wanaokata mbao kwa misumeno butu. Wenye mbwa walikuwa wanapiga soga na kuwapepea kwa vipande vya karatasi. Hakuna aliyeona ajabu.

Daktari akarudi kwenye feni yake.

Ndipo Jaji alipomwendea wifi yake. Alisimama upande wake wa kamba, akamshika mkono.

"Wifi, mtoe wewe mwenyewe. Wewe unaweza, mimi nimefungwa. Sema tu hajisikii vizuri, tumpeleke nje kwenye kivuli, tummwagie maji."

"Umeshajitoa?"

"Nimejitoa."

"Basi mwache Tai afanye kazi."

"Ulimi wake, wifi. Utazame ulimi wake."

Wifi hakuutazama. Alikuwa anatazama watu waliokaa kwenye benchi, wale waliompungia mkono, mama mmoja aliyemwita kwa mbali "mama Mheshimiwa!" Akapunga naye. Kisha akasema, taratibu, bila ugomvi:

"Hapa watu wananijua. Nje ya huu ukumbi mimi ni dada wa marehemu, ninayekaa kwako. Niachie dakika hizi, nakuomba. Keshokutwa tutakwenda wote kwa daktari. Wewe ndiye utakayeendesha gari."

Jaji akauachia mkono wake. Alifikiria kuingia ndani ya kamba, kumbeba yule mbwa kifuani na kutoka naye mbio. Alijiona kabisa akifanya hivyo. Aliona pia watu wakisimama, katibu akipiga kelele, wifi yake akilia mbele ya wote waliomjua. Akabaki alipo. Muda si mrefu Tai akapita chini ya kamba, tai yake nyekundu imenyooka.

Tai alifanya kazi yake kama inavyofanywa. Alimpandisha kila mbwa mezani, akafungua midomo, akapapasa mabega. Alipofika kwa Mheshimiwa hata alisimama, akainamisha sikio karibu na koo, na Jaji akaishika kamba. Tai akasikiliza. Akampigapiga mbwa begani.

"Kichwa kizuri sana hiki," akamwambia wifi. "Hivi ndivyo wanavyotakiwa kuwa."

Akawazungusha. Mheshimiwa alizunguka. Alikuwa mbwa mtiifu, na alijua kwamba akifika mwisho wa zulia anapewa kipande cha ini. Tai akanyosha kidole, watu wakapiga makofi, na wifi akapiga magoti pale pale kwenye zulia, akamkumbatia mbwa, machozi yanamtiririka. Wakaletewa kombe na riboni ya ubingwa. Mpiga picha akawasimamisha, akasema mbwa ainue kichwa. Wifi akamwinua kidevu. Picha ya kwanza haikutoka vizuri. Akasema tena.

Kisha ikabaki ile desturi ya mashindano, bingwa azungushwe mara moja peke yake ili watu wamwone. Wifi akaanza kutembea, akakaza mwendo, na Mheshimiwa akamfuata kwa hatua zake fupi. Kwenye kona ya mbali akasimama. Wifi alidhani amechoka, akacheka, akamvuta kidogo. Miguu ya nyuma ikalegea kwanza. Akakaa, kama anavyokaa nyumbani watu wakizungumza, halafu akalala ubavu, na ile sauti ya pumzi yake ikakatika.

Safari hii daktari alikuja mbio. Jaji naye aliruka kamba, sheria ikabaki huko nyuma. Walimwagia maji, wakamvuta ulimi, daktari akamkandamiza kifua, akampulizia hewa puani kwa yale matundu membamba kama nyufa. Hewa haikuingia. Alijaribu mpaka shati likamganda mgongoni. Mwishowe akakaa chini, akajifuta mdomo, akatikisa kichwa.

Wifi alikuwa bado ameshika ukanda.

"Ulimtakia haya," akasema. Alimtazama Jaji kama anayemwona kwa mara ya kwanza. "Wiki nzima unasema hapumui, hapumui. Haya, hapumui."

Jaji akakubali kulipokea hilo. Lakini garini, Mheshimiwa amefunikwa taulo kwenye kiti cha nyuma na wifi amekaa naye huko huko, lilikuja la pili, na hili lilimwingia mpaka leo halijatoka.

"Wewe ulikuwa unajua," wifi akasema nyuma ya kisogo chake. "Mimi nilikuwa sijui, nilikuwa naona kombe. Wewe ulijua. Kwa nini hukumbeba tu?"

Jaji aliendesha gari.

Kikao cha chama kilipoitishwa, alisimama akaomba jambo dogo: jaji aliyejitoa kwa sababu ya undugu aruhusiwe angalau kumpeleka mbwa kwa daktari. Alieleza vizuri, hakutia chumvi. Watu walimsikiliza kwa heshima, wakampa pole ya msiba wa nyumbani kwake. Tai akasema, kwa haki kabisa, kwamba alimpima mbwa na kumkuta kama aina yake ilivyo, na kwamba mbwa alikufa baada ya uamuzi, si kabla yake. Katibu akasema wakifungua mlango huo, kila mwenye kinyongo na nduguye atapita humo. Wakapiga kura. Mikono iliyonyoshwa upande wa Jaji ilikuwa michache, ya kumhurumia tu. Ubingwa wa Mheshimiwa ukathibitishwa, na picha yake, ile ya pili, ikatundikwa kwenye korido ya ofisi.

Jaji akaomba apewe ulingo wa pua bapa, akidhani kwamba huko ndiko atakakofaa. Wakampa. Mara ya kwanza alipeleka nusu ya mstari kwa daktari, na riboni ya kwanza hakumpa yeyote. Mara ya pili walikuja wachache. Mara ya tatu alisimama katikati ya zulia la kijani amefunga mikono nyuma na hakuna aliyekuja, kwa sababu wote walikuwa wamejiandikisha kwenye mashindano ya mji wa jirani, ambako jaji alikuwa Tai. Alisimama mpaka katibu akaja kumwambia anaweza kwenda kunywa chai.

Nyumbani hawakugombana. Ingekuwa afadhali. Wifi alipika zamu yake, Jaji zamu yake. Waliambiana habari za maji kukatika na za mafuta ya kula kupanda bei. Jioni wifi alikaa upande wake wa sofa akiwa amekunja miguu, na mkono wake, bila yeye kujua, ukawa unapapasa pale katikati. Kisha akaanza kwenda kulala mapema, jua halijatua vizuri. Kuna siku Jaji alimsikia akifungasha, akafungua tena, akarudisha nguo kabatini. Hakuwa na pa kwenda, na wote wawili walilijua hilo.

Mvua za kwanza zilipoanza, siku moja ya Jumamosi, wifi alitoka bila kuaga na kurudi mchana, amelowa, kifuani amekumbatia kikapu. Uso wake ulikuwa na kitu ambacho Jaji hakuwa amekiona tangu ile siku ya ukumbini. Akakaa chini, akafunua kitambaa.

Ndani alikuwamo mbwa mchanga wa pua bapa, ngozi imemzidi, macho mawili ya mviringo kama vifungo vya koti.

"Ni mjukuu wa Mheshimiwa," wifi akasema. "Nilimfuatilia kwa watu mpaka nikampata. Mama yake ni bingwa pia." Halafu, haraka, kabla Jaji hajasogea: "Mtazame tu, wifi yangu. Usimpime."

Jaji akapiga magoti kwenye sakafu. Yule mbwa mdogo akamnusa vidole, au alijaribu. Matundu ya pua yake yalikuwa mistari miwili tu, kama iliyochorwa kwa wembe, na alipopumua mashavu yake yakaingia ndani. Alikuwa na wiki chache tu duniani. Jaji aliona maisha yake yote, tangu pale sakafuni hadi mwisho, bila kumgusa.

Akainua macho. Wifi yake alikuwa anamngoja, maji yanadondoka kutoka kwenye nywele, mikono yote miwili imeshika kikapu kwa nguvu. Hakuwa na mtu mwingine. Hata Jaji hakuwa na mwingine.

"Mzuri," Jaji akasema.

"Kweli?"

"Mzuri sana, wifi."

Wifi akashusha pumzi, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, akaenda kutafuta taulo kavu. Mvua ikazidi juu ya bati. Jaji akabaki amepiga magoti pale, akimtazama yule mdogo akihangaika kuvuta hewa, na hakuinuka mpaka alipoitwa.